Gemu jipya la mpira: mzazi, usichomoe waya kwanza

Pita jioni kwenye mabanda ya gemu ya Mwanga au Ujiji, utakuta ubishi ni mmoja: EA Sports FC 26 ina nini ambacho ya mwaka jana haikuwa nacho? Wengi wa rika langu bado wanaiita FIFA, ingawa jina hilo liliachwa mwaka 2023, baada ya kampuni ya EA na shirikisho la soka duniani kumaliza ushirika ulioanza 1993.

Nami ni wa mabanda hayo. Nimejifunza kwenye PlayStation 2, enzi umeme wa Kigoma ni wa majenereta na unakatika mechi ikiwa dakika ya themanini. Kwa hiyo leo naandika habari za afya, lakini kama shabiki pia.

Toleo hili lilitoka Septemba 26, 2025. Kikubwa kilichoongezwa ni mitindo miwili ya uchezaji: mmoja wa kasi, kwa wanaoshindana mtandaoni, na mwingine unaofuata mwendo wa mpira halisi, kwa anayecheza peke yake. Huu wa pili nimeupenda, pasi zina utulivu na mabeki wanafikiri. Mengine ni yale yale. Mwenye toleo la mwaka jana halali njaa akilikosa hili. Na watoto walioshuhudia Simba na Yanga wakicheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Uwanja wa Lake Tanganyika Julai 2021, bado hawazikuti timu zao humo. Tulijifariji na Samatta kwenye FIFA 20.

Linalonitia wasiwasi ni fedha. Kuna sehemu inaitwa Ultimate Team, ambako mchezaji anajenga kikosi kwa kufungua pakiti bila kujua ndani atapata nani. Pakiti hizo zinapatikana kwa kucheza sana, au kwa kulipa. Ubelgiji iliona huo ni kamari mwaka 2018, na mwaka uliofuata EA ikaacha kuuza sarafu zake huko. Lakini Ulaya gemu hilo limepewa alama ya umri wa miaka mitatu na kuendelea, kwa hiyo alama ya kwenye kasha haikusaidii. eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, inapakuliwa bure kwenye simu, nayo ina vya kununua ndani. Kama simu yako imeunganishwa na malipo, weka nywila ya kila manunuzi leo hii.

Dada yangu aliniuliza kuhusu mwanawe wa kidato cha kwanza, aliyeanza kusinzia darasani: "Wewe uliyeyacheza, nimnyime kabisa?" Sikumjibu siku hiyo. Nilikaa na kijana tukacheza mechi tatu (alinifunga mbili), ndipo akasema, "Mjomba, zawadi za kila siku zinapotea usipoingia." Kumbe alikuwa anaamka saa nane usiku kuzikusanya. Sasa simu inachajiwa chumbani kwa mama kuanzia saa tatu. Alinuna wiki nzima.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri saa nane hadi kumi kwa siku kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Shirika la Afya Duniani nalo linautambua uraibu wa gemu kama ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yakionekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na kuvuruga masomo, familia au kazi. Mtoto anayepiga kelele za goli Jumamosi hayumo humo.

Jambo moja ambalo wasiocheza hawalijui: mechi ya mtandaoni huwezi kuisimamisha ukairudia baadaye kama ile ya peke yako. Ukichomoa waya katikati, mtoto anahesabiwa amefungwa, ndiyo maana anafoka. Mechi moja ya kawaida huchukua kama robo saa. Mwambie, "Hiyo ndiyo ya mwisho," kabla hajaanza nyingine, kisha kaa hapo hapo mpaka filimbi ilie.