Rimu kubwa, magunia ya mpunga na njia ya Mtowisa: upepo kiasi gani?

Mtu anayenunua rimu za spoti mjini Sumbawanga huambiwa bei ya rimu na bei ya matairi, na akijua kupatana hufungiwa na kufanyiwa balansi bila kuongeza kitu. Jambo moja haambiwi: upepo. Fundi hupiga 35 kwa kila gari linalosimama mbele ya kompresa yake, au 40 akisikia unateremka bondeni na mzigo, na safari inaanza. Kwa gari lenye matairi ya saizi ya kiwandani, kukisia huko mara nyingi huvumilika. Kwa gari lililobadilishwa rimu, kunaweza kukugharimu tairi na rimu yake, na mteremkoni kukakugharimu zaidi ya hapo.

Njia yenyewe inajulikana. Unaacha barabara kuu pale Ntendo, unateremka ukingo wa Lyambalyamfipa hadi Muze, kisha unafuata bonde la Ziwa Rukwa kwenda Mtowisa. Mteremkoni mawe yamechongoka, kiangazi kuna vumbi na mashimo, na mvua zikianza ni tope. Gari dogo linalopita huko kwa kawaida halipiti tupu. Linashuka na bidhaa za dukani, linapanda na mpunga, na kila mtu anajua gunia la lumbesa halina kilo 100 tu. Kwa hiyo tulinganishe matairi kwa kipimo cha njia hiyo na mzigo huo. Jinsi gari linavyopendeza likiwa limeegeshwa ni hesabu nyingine.

Chukua gari lililotoka kiwandani na matairi ya 195/65R15, saizi iliyozoeleka sana kwenye magari ya Kijapani tunayoagiza. Mwenye gari ana njia tatu. Anaweza kubaki na inchi 15. Anaweza kupanda hadi 16 kwa tairi la 205/55R16. Au anaweza kwenda 17 kwa 215/45R17, ambalo ndilo vijana wengi wanalitaka. Kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana katika zote tatu. Kinachobadilika ni ukuta wa tairi, yaani ule mpira kati ya rimu na ardhi. Kwenye 15 ukuta una kimo cha karibu milimita 127. Kwenye 16 unabaki 113. Kwenye 17 ni 97 tu. Umepoteza sentimita tatu za mpira, na sentimita hizo ndizo zilizokuwa zinapokea jiwe kabla halijaifikia rimu.

Sasa upepo. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo yake, pale mlango unapofungia. Kuna stika. Herufi za Kijapani zisikutishe, maana namba ni zilezile: utaona 220 au 230, na pembeni yake 2.2 au 2.3. Hiyo 220 ni sawa na psi 32, na 230 ni sawa na psi 33. Ndiyo namba ya kiwanda, ya kupimwa tairi likiwa limepoa. Ila inahusu saizi iliyoandikwa kwenye stika hiyohiyo. Ukibadilisha saizi, stika inabaki kuwa mwanzo wa hesabu tu.

Hesabu yenyewe iko ubavuni mwa tairi. Baada ya saizi utaona namba na herufi, kwa mfano 91V au 87W. Herufi inahusu mwendo kasi. Namba ndiyo ya mzigo: 91 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 615, 88 ni kilo 560, 87 ni kilo 545. Lakini tairi hubeba uzito huo likiwa na upepo wake kamili, na hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Kwa taratibu za Ulaya, tairi la kawaida hupimwa likiwa na bar 2.5, sawa na psi 36. Tairi lililoandikwa XL, lile lililoimarishwa, hupimwa likiwa na bar 2.9, sawa na psi 42. Upepo ukipungua, uwezo wa kubeba unapungua nao.

Tufanye hesabu. Tairi la kiwandani la 91 likiwa na psi 33 linabeba kilo 575 hivi. Hiyo ndiyo akiba ambayo kiwanda kilimwachia mwenye gari. Ukifunga 205/55R16 lenye 91 la kawaida, hakuna kinachobadilika: psi 33 ileile, uwezo uleule. Ukipata la 94 XL, jaza 35 na umefika. Ukienda inchi 17 ukapata 215/45R17 lenye 91 XL, psi 33 haitoshi tena. Ili likupe kilo zile 575 unahitaji kama psi 39. Na ukiuziwa 215/45R17 la kawaida lenye 87, hakuna upepo wa kukuokoa. Hata likijazwa kipimo chake kamili mwisho wake ni kilo 545. Tairi hilo ni jipya, linang'aa, limefungwa vizuri, na bado ni dogo kwa gari lako.

Hiyo ndiyo sababu ya lawama mbili unazozisikia gereji. Mmoja anasema rimu za 17 zinavunja matairi, mwingine anasema zinatikisa gari. Wote wawili wanasema kweli. Ukiliacha 91 XL na psi 33 huku umepakia, ukuta wake mfupi unajikunja kupita kiasi, unapata joto ndani, na siku moja unavimba nundu au unapasuka. Ukilijaza 39 kama inavyotakiwa, linabeba mzigo, lakini kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kwenye rimu, shoki na mgongo wa abiria. Kwenye lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ubaya huo hauonekani sana. Kwenye mawe ya kuelekea Muze unaonekana mapema, na rimu ya aloi ikipata ufa haigongwi nyundo ikarudi kama ile ya chuma.

Kuna kosa jingine ambalo fundi huwajibika nalo kidogo na sisi wenye magari zaidi. Ubavuni mwa tairi pia kuna namba ya upepo wa juu kabisa, mara nyingi 44 au 51. Mtu anaisoma na kusema, "Kaka, nijazie hiyo, ndiyo ya kampuni." Hiyo ni namba ya mwisho usiyopaswa kuizidi. Tairi lililojazwa hivyo kwenye gari tupu linakanyaga kwa kifua tu, linaliwa katikati, na breki kwenye changarawe inakuwa ya wasiwasi.

Watu wa Ufipa wana swali lao ambalo mtu wa Dar es Salaam hana: nikijaza Sumbawanga kwenye baridi, kule chini kwenye joto upepo si utazidi? Mji uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700, na bonde liko chini yake kwa karibu mita 900. Ukishuka, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, na kipimo kinasoma pungufu kwa kiasi cha psi moja na nusu. Wakati huohuo joto la bondeni linapandisha: kila nyuzi 10 huongeza kama psi moja na nusu. Tuseme umejaza asubuhi ya Julai kwenye nyuzi 12, ukapima kesho yake alfajiri Mtowisa kwenye nyuzi 25. Joto limeongeza kama psi mbili, kimo kimepunguza moja na nusu. Tofauti iliyobaki haifiki psi moja, kwa hiyo usitoe kitu.

Usitoe hasa ukiwa umefika Muze. Umeteremka ukikanyaga breki, joto la diski limeingia kwenye rimu na rimu imelipasha tairi. Kipimo kitasoma psi nne au tano zaidi, na ni halali yake. Ukipunguza hapo, kesho asubuhi unaondoka na tairi lililolegea chini ya magunia. Likipanda kupita sana kiwango hicho, maana yake ulianza na upepo mdogo au umepakia mno. Dawa ni kuongeza likishapoa, au kushusha gunia.

Kwenye fedha, tuanze na mafuta kwa kuwa ndiyo yanayosemwa sana. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza ulaji wa mafuta kwa asilimia 0.2 hivi. Ukiwa umepungukiwa psi tano, ni asilimia moja. Anayetumia lita 100 kwa mwezi anapoteza lita moja. Inauma, lakini si hiyo inayofilisi.

Kinachofilisi ni matairi. Nitatumia bei ya mfano, wewe weka ya dukani kwako. Tairi moja likiwa shilingi 200,000, manne ni 800,000. Yakidumu kilomita 40,000, kila kilomita imekugharimu shilingi 20. Yakiliwa pembeni kwa upepo mdogo ukayatupa kwenye kilomita 30,000, ni karibu shilingi 27. Na hapo sijahesabu tairi moja la inchi 17 lililopasuka bondeni, ambalo hulikuti duka la Mtowisa, na lililoko Sumbawanga si lazima liwe la chapa na meno yanayofanana na yale uliyobaki nayo. Tairi la inchi 15 utalipata kirahisi zaidi, hata la mtumba. La mtumba nalo soma tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani hauponi kwa upepo sahihi.

Kwa hiyo fedha ya kwanza itoke kwenye kipimo chako mwenyewe cha upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kabla ya rimu yoyote. Vipimo vya gereji hupishana, na chako kisichoangushwa kila siku kitakuambia kama kuna kilichobadilika. Spea tairi nalo lipimwe. Ukitaka kuhakikisha namba uliyoipata kwa hesabu, piga mistari ya chaki kwa upana wa tairi, endesha gari mita kadhaa kwenye ardhi ngumu na tambarare, likiwa na mzigo wako wa kawaida. Chaki ikifutika katikati tu, umezidisha. Ikifutika kingo mbili tu, umepunguza. Ukingo mmoja peke yake ni kazi ya alaimenti.

Uamuzi wangu ni huu. Gari linalolipwa na mpunga libaki na inchi 15, upepo wa stika, na psi mbili au tatu zaidi kwenye matairi ya nyuma siku ya mzigo mzito. Anayetaka rimu nzuri aishie 16, tairi lenye 91 au zaidi. Inchi 17 ni ya anayeishi mjini na kusafiri kwenye lami, na hata yeye anunue 91 XL au zaidi, ajaze kama psi 39. Ukifika dukani, kabla ya kutoa fedha, inama usome namba ya mzigo ubavuni mwa tairi. Ikiwa ndogo kuliko ya matairi uliyokuja nayo, mshukuru muuzaji uondoke.