Binti Akivunja Ungo, Asiache Kucheza

Akiwa na miaka 8 au 9, msichana hahitaji kuhimizwa kucheza. Anacheza rede, anaruka kamba, anakimbizana na wenzake mpaka umwite mara tatu ndipo aingie kuoga. Akifika miaka 11, 12 au 13, taratibu unaona mabadiliko. Siku ya michezo shuleni anasema tumbo linamuuma. Jioni anakaa barazani, anawatazama kaka zake wakienda uwanjani. Walezi wengi huona ni jambo la kawaida. Husema, "Ameshakuwa mkubwa."

Kukua peke yake si sababu ya kuacha kucheza. Mara nyingi kuna kitu kilichomwondoa uwanjani: hedhi, aibu ya mwili unaobadilika, kazi za nyumbani, maneno ya watu, au hofu ya mtu fulani. Mengi kati ya hayo mama au mlezi anaweza kuyashughulikia, na mengine hayagharimu hata shilingi.

Mtoto anahitaji kucheza kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kila siku za shughuli zinazofanya moyo uende mbio na pumzi iongezeke. Angalau siku 3 kwa wiki, shughuli hizo ziwe za kuimarisha misuli na mifupa, kama kukimbia, kuruka na kupanda. Dakika hizo si lazima ziwe mfululizo. Anaweza kupata 20 akienda shule kwa mwendo wa haraka, 15 wakati wa mapumziko na zilizobaki jioni.

Takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146 zilionyesha kuwa kati ya kila wasichana 100 wa miaka 11 hadi 17 waliokuwa shuleni, 85 hawakufikia kiwango hicho. Kwa wavulana walikuwa 78. Tatizo ni la wote, lakini wasichana wameachwa nyuma zaidi.

Huenda unajiuliza: je, kuchota maji, kulima na kufagia uwanja havihesabiki? Vinahesabika, kwa sababu mwili unafanya kazi. Hata hivyo, kazi haimpi mtoto kila kitu ambacho mchezo unampa. Kwenye mchezo anaruka, anageuka ghafla, anacheka, anachagua mwenyewe na anakuwa na wenzake. Mtoto anahitaji vyote viwili.

Anapata faida gani?

Mifupa imara. Miaka ya balehe ndiyo miaka ambayo mifupa hujengwa kwa kasi kubwa. Inakadiriwa kuwa msichana anapofika miaka 18, hadi asilimia 90 ya uimara wa mifupa yake unakuwa umeshajengwa. Kuruka na kukimbia huufanya mfupa uwe mgumu zaidi. Wanawake hupoteza uimara wa mifupa haraka baada ya kukoma hedhi, na bibi anayevunjika nyonga kwa kuteleza bafuni anahitaji akiba aliyoiweka akiwa binti. Akiba hiyo haiwekwi yote akiwa na miaka 40.

Moyo na sukari. Mtoto anayechangamsha mwili hudhibiti uzito wake vizuri zaidi, na hujijengea kinga dhidi ya shinikizo la damu na kisukari cha ukubwani.

Akili na usingizi. Mazoezi hupunguza msongo wa mawazo na dalili za sonona, na humsaidia kijana kulala vizuri. Balehe ni kipindi chenye hisia nyingi, na kukimbia uwanjani ni njia moja nzuri ya kuzitoa.

Maisha na watu. Kwenye timu msichana hujifunza kushindwa bila kukata tamaa, kusema anachotaka, kufuata kanuni na kuwaongoza wenzake. Anajulikana mtaani kwa kitu anachokiweza, si kwa sura wala nguo zake. Mtaa uliozoea kuwaona wasichana uwanjani hujifunza pia kuwaheshimu sehemu nyingine.

Maneno yanayowatoa wasichana uwanjani

"Michezo itamwondolea ubikira." Kizinda ni ukunjo mwembamba wa ngozi laini ulio karibu na mlango wa uke, na kwa kawaida tayari una uwazi. Umbo lake hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa. Kwa baadhi kinaweza kunyooka au kuchanika kidogo kwa sababu mbalimbali, lakini hilo halina uhusiano na tabia ya mtoto. Mwaka 2018 WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe. Walieleza kuwa havina msingi wa kisayansi na vinamdhuru msichana.

"Hatazaa." Kukimbia, kuruka au kucheza mpira hakuharibu kizazi. Mkenya Faith Kipyegon alijifungua mtoto wa kike mwaka 2018. Mwaka 2021 alishinda dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 2023 alivunja rekodi tatu za dunia ndani ya miezi miwili: mita 1500, mita 5000 na maili moja. Mwaka 2024 akatwaa tena dhahabu ya mita 1500 mjini Paris. Si kila binti atafika huko, wala si lazima. Lakini uzazi na michezo havigombani.

"Atakuwa na mwili wa kiume." Misuli mikubwa ya wanaume hutokana kwa kiasi kikubwa na homoni ambayo wasichana wanayo kwa kiwango kidogo sana. Michezo humpa binti mwili wenye nguvu. Haimbadilishi kuwa mvulana.

Hedhi isimfungie nje

Msichana mwenye afya anaweza kucheza siku za hedhi. Hakuna kinachoharibika ndani, na damu haiongezeki kiasi cha kumdhuru. Kwa wengine, mazoezi mepesi hupunguza maumivu ya tumbo. Kama siku ya kwanza inamchosha sana, apumzike siku hiyo na arudi baadaye. Asiache msimu mzima.

Kinachowazuia wengi ni hofu ya kuchafuka mbele ya watu. Mwandalie mfuko mdogo wenye pedi mbili au tatu, chupi ya kubadilisha na kipande cha kanga. Kaptula nyeusi ya kubana chini ya sketi au bukta humwondolea wasiwasi mkubwa. Akitumia pedi za kitambaa, zifuliwe kwa sabuni na maji safi, kisha zikaushwe kabisa juani. Usimwachie azifiche uvunguni zikiwa na unyevu.

Miaka miwili ya mwanzo, hedhi isiyofuata mpangilio ni jambo la kawaida. Mwambie hivyo mapema, asidhani ana ugonjwa.

Nguo za kuchezea

Matiti yanayoanza kukua yanauma yakitikisika, na macho ya watu yanamfanya msichana ajisikie vibaya. Sidiria inayobana vizuri bila kumkaba kifua inasaidia sana. Si lazima iwe ya bei ghali. Zipo za mitumba zilizo katika hali nzuri, na vesti ya kubana chini ya fulana inafaa kwa anayeanza.

Kama binti yako anavaa hijabu au anataka kujistiri, hilo lisiwe sababu ya kubaki nyumbani. Tangu 2014 sheria za mpira wa miguu zimeruhusu rasmi wachezaji kufunika kichwa. Hijabu fupi isiyo na pini, suruali na fulana ya mikono mirefu vinatosha. Zungumza na mwalimu wa michezo kabla ya siku ya kwanza ili binti asianze kujieleza mwenyewe mbele ya wenzake.

Muda: nani yuko jikoni saa kumi jioni?

Hili ndilo gumu zaidi, na linahusu nyumba yako. Saa kumi jioni, mtoto wa kiume anachukua mpira. Wa kike anachukua ndoo, kisha vyombo, kisha mdogo wake. Hakuna aliyemkataza kucheza, ila muda wake umeshagawiwa.

Jaribu kupanga zamu. Jumatatu na Jumatano kaka anaosha vyombo na kumwangalia mdogo wake, dada anakwenda uwanjani. Jumanne na Alhamisi wanabadilishana. Mvulana anayejifunza kupika na kuosha hapotezi kitu, na mke wake atakuja kukushukuru. Kama kazi ni nyingi mno, anza na siku mbili tu kwa wiki, na uzilinde. Siku ya mazoezi isiwe ndiyo siku ya kwanza kufutwa wageni wakija.

Pale ambapo hakuna uwanja wa karibu, au giza linaingia mapema, kamba ya kuruka inatosha ndani ya ua. Rede, kukimbizana, ngoma na kucheza muziki ni mazoezi pia.

Usalama: maswali ambayo mlezi lazima aulize

Walezi wengi huwazuia mabinti kwa kuogopa watu wabaya. Hofu hiyo ina msingi, kwani michezo, kama sehemu yoyote yenye watoto na watu wazima, inaweza kumvutia mtu mwenye nia mbaya. Njia nzuri ya kumlinda ni kuwa karibu na kuuliza. Kumfungia ndani hakumfundishi kujilinda.

Uliza: Nani anawafundisha, na nani alimweka hapo? Je, kuna mwanamke mtu mzima anayeambatana na timu ya wasichana? Wanabadilishia nguo wapi? Wakisafiri, wanalala wapi na nani? Mazoezi yanaisha saa ngapi, na watoto wanarudi pamoja? Nenda uwanjani siku ambayo hukutarajiwa. Mwalimu mwema hatachukia kumwona mzazi.

Mfundishe binti kanuni chache zilizo wazi. Kocha asimwite peke yake chumbani au nyumbani kwake. Zawadi, fedha na ujumbe wa simu wa siri si sehemu ya mazoezi. Hakuna anayepaswa kumshika sehemu za siri, wala kumwahidi namba kwenye timu kwa malipo ya mwili. Mhakikishie kwamba akikuambia jambo, hutamgombeza wala kumwachisha mchezo kama adhabu. Watoto wengi hunyamaza kwa hofu hiyo.

Ukiwa na shaka, piga simu 116, namba ya huduma kwa mtoto inayotumika Tanzania na Kenya bila malipo. Tanzania unaweza pia kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Kama mtoto ameingiliwa kimwili, mpeleke hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Hata saa hizo zikipita, bado mpeleke.

Chakula na maji

Msichana aliyevunja ungo hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na akicheza anahitaji nguvu zaidi. Maharage, dagaa, mboga za majani, nyama au maini pale inapowezekana, pamoja na chungwa, limao au embe ili mwili ufyonze madini hayo. Chai inywewe mbali na mlo, kwani hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Kwa mifupa, dagaa wanaoliwa na mifupa yake, maziwa na mboga za majani vinafaa. Anywe maji kabla ya mchezo, katikati na baada yake. Asicheze akiwa hajala tangu asubuhi.

Lini umpeleke kituo cha afya?

Asimame kucheza na aonwe na mhudumu wa afya haraka akizimia wakati wa kukimbia, akipata maumivu ya kifua, au akigongwa kichwa kisha akatapika, akachanganyikiwa au kuumwa sana na kichwa. Baada ya kugongwa kichwa, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa.

Mpeleke pia kama:

- anachoka na kuishiwa pumzi kuliko wenzake, au viganja na ndani ya kope vimepauka. Inaweza kuwa upungufu wa damu;
- hedhi inazidi siku 7, au pedi inajaa kila baada ya saa moja;
- hedhi iliyokuwa ya kawaida imekosekana miezi 3. Kama hana ujauzito, huenda anafanya mazoezi mengi na kula kidogo;
- goti au kifundo cha mguu kimevimba na hawezi kukikanyagia.

Mtoto mwenye pumu, selimundu, kifafa, ugonjwa wa moyo au ulemavu asinyimwe mchezo bila ushauri. Wengi wanaweza kucheza kwa utaratibu maalumu. Uliza kliniki anakotibiwa acheze nini, kwa kiasi gani, na dalili zipi zimsimamishe.

Uanzie wapi?

Usianze na amri. Mkiwa wawili tu, mnapochambua mchele au kusukana nywele, mwulize mambo mawili: "Mchezo gani ulikuwa unaupenda?" na "Nini kilikufanya uache?" Sikiliza mpaka amalize. Akitaja pedi, tafuteni pedi. Akitaja vyombo, pangeni zamu. Akitaja mtu, chukua hatua siku hiyo hiyo.