Gari Likinywa Mafuta, Lipimwe Kwanza Kabla ya Kumlaumu Dereva

Hakuna neno liletalo manung'uniko upesi katika kambi ya askari kama neno mafuta. Chakula kikichelewa, watu hungoja. Viatu vikichelewa, watu hushona vya zamani. Lakini mafuta yakiisha kabla ya siku yake, doria hulala, mgonjwa hungoja gari lisilokuja, na macho ya wote humgeukia dereva. Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo hili, hasa kwa kuwa siku hizi imeenea imani kwamba gari linalokunywa mafuta huponywa kwa kubadilishiwa oili tu, yaani kuacha oili ya kawaida na kutia ile iitwayo oili ya sintetiki.

Katika kikosi kimoja cha kaskazini-mashariki ya Uganda, ambacho hatuna haja ya kukitaja, palikuwa na gari la doria aina ya Land Cruiser, la dizeli, livutalo kwa magurudumu yote manne. Ilipopigwa hesabu ya mwezi, ilionekana kwamba gari hilo linakwenda kilomita 5 tu kwa lita moja, hali mwenzake wa injini ile ile, katika njia zile zile za vumbi na mawe, alikwenda kilomita 7. Dereva wake alikuwa koplo mmoja aliyetumikia miaka mingi. Haukupita muda, minong'ono ikaanza kwamba koplo huyo anafyonza dizeli usiku na kuiuza kwa jerikani mjini. Akanyang'anywa ufunguo, akapelekwa kulinda lango, na katika kitabu cha gari ikaandikwa kwamba mafuta yanapotea mkononi mwake. Sisi tulipofika huko kwa kazi yetu ya habari tuliyasikia maneno hayo, na hapana budi tukiri kwamba tuliyaamini.

Ili gari lianze upya na dereva mwingine, ilishauriwa litiwe oili ya sintetiki. Injini ile humeza zaidi ya lita 9 za oili, na bei ya sintetiki ni kubwa kuliko ya oili ya kawaida, hata hivyo ikanunuliwa. Baada ya majuma mawili hesabu ikapigwa tena: kilomita 5 na pointi 1 kwa lita. Dereva mpya, ambaye hakuna aliyemshuku, alikuwa amerudi na jibu lile lile la koplo.

OILI HII NI KITU GANI?

Kabla ya kuendelea na kisa chetu, yafaa tueleze oili hii ni nini, maana wengi huisifu na wengine huiogopa bila kuijua.

Oili ya kawaida hupatikana kwa kusafisha mafuta ghafi yatokayo ardhini, na ndani yake mna chembe za maumbo mbalimbali, kubwa kwa ndogo. Oili ya sintetiki huundwa kiwandani kwa njia ya kemia, chembe zake zikawa karibu sawasawa. Kwa sababu hiyo haifanyi upesi kuwa nyepesi mno injini inapochemka, haigandi upesi wakati wa baridi kali, wala haigeuki tope haraka.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1877 wanasayansi wawili, Charles Friedel wa Ufaransa na James Mason Crafts wa Marekani, waliunda mafuta ya namna hiyo katika maabara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wataalamu wa Ujerumani waliendeleza kazi hiyo, na baadaye injini za ndege za jeti, ambazo joto lake huishinda oili ya kawaida, zikaifanya kuwa kitu cha lazima. Rubani mmoja wa ndege za kivita wa Marekani, Al Amatuzio, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha ndege, alijiuliza kwa nini oili ilindayo injini ya jeti isilinde pia injini ya gari. Mwaka 1972 oili yake ya AMSOIL ikakubaliwa kuwa imefikia viwango vya Taasisi ya Petroli ya Marekani. Mwaka uliofuata, bei ya mafuta duniani ilipoanza kupanda kutoka dola 3 hivi kwa pipa hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974, kila mwenye gari akawa anatafuta dawa ya kupunguza matumizi. Hapo ndipo sifa ya oili ya sintetiki kuwa huokoa mafuta ilipopata masikio.

Sifa hiyo si ya uongo, lakini ni ndogo kuliko inavyovumishwa. Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo huwashauri wenye magari, yaeleza kwamba kutumia oili ya uzito ule ule ulioandikwa na mtengenezaji huweza kuokoa asilimia 1 hadi 2 tu ya mafuta. Tena jambo kubwa hapo ni uzito wa oili. Katika alama kama 15W-40 au 5W-30, tarakimu ya kwanza huonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi, na ya pili uzito wake injini ikiwa moto. Injini iliyoagizwa 5W-30 ikitiwa 20W-50 nzito, hutumia nguvu nyingi zaidi kuisukuma oili hiyo. Na injini ya zamani iliyoagizwa oili nzito ikitiwa nyepesi mno, huweza kusagika. Kitabu cha gari ndicho amri; kifuatwe.

Faida kubwa ya sintetiki ni ulinzi wa injini, hasa ile yenye turbo ifanyayo kazi katika joto na milima. Lakini haizibi gasketi iliyochoka, wala haiondoi vumbi na masizi. Askari asidanganyike kwamba akishaitia anaweza kusahau siku ya kuimwaga. Katika nchi ya vumbi, muda wa kubadilisha oili na chujio lake hufupishwa, haurefushwi.

SAJINI NA KALAMU YAKE

Turudi sasa kwa gari letu. Palikuwa na sajini mmoja wa karakana, mtu wa maneno machache, ambaye aliomba apewe gari hilo kwa siku moja tu. Alijaza tangi hadi shingoni mbele ya mashahidi wawili, akaandika kilomita zilizosomeka, akaliendesha yeye mwenyewe katika barabara kuu yenye vibao vya kilomita, kisha akajaza tena hadi shingoni. Kilomita alizozigawa kwa lita zilizoingia zilimpa jibu lisilobishaniwa. Hata mbele ya mashahidi, pasipo mwizi, gari lilikunywa kupita kiasi.

Kisha akaanza kutafuta. Kwanza aliposimama aligusa rimu zote nne, na moja ya nyuma ikamwunguza kidole. Alipoliinua gari kwa jeki, gurudumu lile halikuzunguka kwa mkono, kwa kuwa waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu na matope, na breki ikawa imebana mchana kutwa.

Pili, alilinganisha mita ya gari na vibao vya barabarani, akaona kwamba kila kilomita 100 za kweli mita ilihesabu 94 tu. Sababu yake ni kwamba gari lilikuwa limefungwa matairi makubwa kuliko yaliyoagizwa, kwa kuwa ndiyo yaliyopatikana. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi katika mwendo ule ule, na mita huhesabu mizunguko. Hivyo koplo alikuwa akiibiwa kilomita 6 katika kila 100, na mwizi wake alikuwa mita yenyewe! Tena matairi hayo yalipungukiwa upepo, na tairi legevu ni zito kuviringika.

Tatu, juu ya keria palikuwa na matairi mawili ya akiba, jerikani, na vyuma vya hema ambalo halikuwapo tena. Kila kilo 45 hivi za mzigo usio wa lazima huongeza matumizi kwa asilimia 1, na mzigo ulio juu ya paa hupambana na upepo, ukazidisha hasara kadiri mwendo unavyoongezeka.

Nne, na hili koplo alilieleza mwenyewe alipoulizwa, gari hilo ndilo lililokuwa likikesha penye kizuizi cha barabarani. Injini iliachwa ikinguruma saa 4 kila usiku ili betri ya redio ya mawasiliano isife. Injini ya namna hiyo ikinguruma bure huchoma lita moja hivi kwa saa, na mita haisogei hata kilomita moja. Hakuna aliyekuwa ameyaandika masaa hayo.

Breki ikafunguliwa na kusafishwa, matairi ya kipimo chake yakarudishwa na kutiwa upepo, keria ikapakuliwa, na penye kizuizi ikapelekwa betri ya pili. Gharama ya yote hayo, ukiacha matairi yaliyoazimwa kutoka gari bovu, haikufika bei ya oili ile. Mwezi uliofuata gari lilikwenda kilomita 6 na pointi 9 kwa lita moja.

Koplo alirudishiwa ufunguo wake. Kamanda alipomwuliza kama ana neno, alijibu, "Afande, naomba yale yaliyoandikwa kitabuni yafutwe." Yakapigwa mstari mwekundu mbele yake, na pembeni ikaandikwa: breki, matairi, mzigo, redio.

MAFUNZO KWETU SOTE

Ndugu askari, hatusemi kwamba hakuna wezi wa mafuta. Wapo, na adhabu zao zipo. Twasema kwamba shutuma isiyo na kipimo humwumiza mwema na kumficha mwovu. Penye hesabu safi, mwizi hana mahali pa kujificha, na mwaminifu hana sababu ya kuogopa. Kwa hiyo twashauri haya yafuatayo.

Dereva na aandike kilomita na lita kila ajazapo tangi, pamoja na masaa ambayo injini ilinguruma gari likiwa limesimama. Apime upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, wala asiutazame kwa macho. Akishuka baada ya safari aguse rimu kwa uangalifu, maana moja ikiwa moto kuliko wenzake, hiyo inasema jambo. Akitoka matopeni na kufika penye lami, aondoe mvuto wa magurudumu ya mbele ikiwa gari lake ni la kuuunga na kuuondoa kwa mkono. Apande gia kwa utaratibu, asikanyage mafuta kwa hasira kisha afunge breki ghafla, kwani uendeshaji wa namna hiyo huweza kupoteza asilimia 15 hadi 30 ya mafuta hata katika barabara kuu. Na pasipo na dharura, mwendo usizidi sana kilomita 80 kwa saa, kwa sababu kupita hapo gari hushindana na hewa.

Makamanda nao wahakikishe kwamba oili inunuliwayo ni ile iliyoagizwa na kitabu. Ikiwa kitabu chaagiza sintetiki, isibadilishwe na nyingine kwa sababu ya urahisi wa bei. Ikiwa hakiagizi, yaweza kutumiwa kwa ajili ya kuilinda injini, si kwa kutumaini muujiza penye tangi.

Mafuta yetu husafiri mbali, aghalabu kutoka bandari ya Mombasa hadi mpakani Malaba au Busia, kisha kwa malori hadi vituo vya mbali. Kila lita ifikayo kambini imekwisha kulipiwa na mwananchi njia nzima. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba vilevile hutoboa tangi. Tuyapime magari yetu, tuyatunze, na tuchunge heshima ya wale wanaotuendesha usiku na mchana.