Mgonjwa Hakimbii Moto

Ofisini, shuleni au sokoni kanuni ya moto ni moja: toka nje. Hospitalini kanuni hiyo haifui dafu. Aliyepasuliwa tumbo asubuhi hawezi kusimama, mtoto njiti hawezi kutolewa kwenye joto lake na kubebwa gizani ngazi hadi ngazi, na anayepumulia mashine akichomolewa anaweza kufa hata kama moto haujamfikia. Usiku hali ni ngumu zaidi, kwa sababu wodi iliyojaa huachiwa wauguzi wachache. Hospitali iliyo salama, basi, si ile inayokimbiwa haraka. Ni ile ambayo jengo lake huuzuia moto na moshi pale ulipoanzia, ili wagonjwa wa vyumba vingine wabaki vitandani, au wasukumwe na vitanda vyao hadi upande wa pili wa mlango mzito na wawe salama hapo hapo, ghorofa ile ile. Ndiyo maana naona kwamba tunapokagua hospitali kwa kuhesabu mitungi myekundu ya kuzimia moto, tunaanza na jambo la mwisho.

Hili halikutungwa mezani. Tarehe 8 Desemba 1961, katika Hospitali ya Hartford, jimbo la Connecticut nchini Marekani, moto uliowaka katika bomba la kutupia taka ulifumuka kwenye ghorofa ya tisa, ukatambaa koridoni kupitia dari ya vigae vinavyoshika moto. Watu 16 walikufa. Lakini katika korido ile ile, waliokuwa nyuma ya milango iliyobaki imefungwa walinusurika. Miaka 50 baadaye, tarehe 9 Desemba 2011, hospitali ya AMRI mjini Kolkata, India, ilionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Moto ulianza usiku wa manane katika ghorofa ya chini ya ardhi, iliyokusudiwa kuwa maegesho ya magari lakini ikageuzwa stoo ya vitu vinavyoungua. Moshi ndio uliopanda hadi wodini, ukipitia njia za kiyoyozi, na kuta za vioo visivyofunguka zikaufungia ndani pamoja na wagonjwa. Takribani watu 90 walikufa, wengi wao bila kuguswa na mwali, kwa kukosa hewa tu. Miongoni mwao walikuwamo wauguzi wawili vijana kutoka Kerala, ambao inaelezwa walikuwa wamekwisha kuokoa wagonjwa wanane walipomrudia wa tisa. Ushujaa wao ni wa kuheshimiwa daima, lakini jengo halikupaswa kuwadai maisha yao.

Hospitali ina hatari nyingine ambayo majengo mengi hayana: oksijeni. Yenyewe haiungui. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi; ikizidi chumbani kwa sababu ya mtungi au mpira unaovuja, shuka ambalo lingefuka polepole hulipuka mwali kwa cheche moja. Aprili 2021, katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, mitungi ya oksijeni ililipuka katika wodi ya wagonjwa wa UVIKO-19, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mwaka uliofuata, huko Tivaouane nchini Senegal, watoto wachanga 11 waliangamia katika moto ambao maofisa waliueleza kuwa wa hitilafu ya umeme. Mahali penye oksijeni nyingi na waya zilizozidiwa ndipo hulazwa wenye uhai dhaifu kuliko wote.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, sisi hata dawa hazitoshi. Hoja hii ina uzito, na sitadai kwamba kila hospitali ya wilaya itafunga kesho mabomba ya kunyunyiza maji darini. Lakini mengi yaliyoua hayakuhitaji fedha nyingi kuzuiwa. Kuhamisha magodoro na maboksi kutoka chini ya ngazi ni kazi ya mchana mmoja. Kuziba matundu aliyoyaacha fundi alipopitisha waya ukutani ni kazi ya saruji kidogo. Hospitali ya Charlotte Maxeke mjini Johannesburg ilipowaka Aprili 2021, ikalazimu kuhamisha wagonjwa wapatao 700, wazimamoto waliripoti kwamba viungio vya mabomba ya maji ya hospitali havikuoana na mipira yao. Kasoro ya namna hiyo hufichuliwa na zoezi la asubuhi moja.

Wengine hukumbusha kwamba hospitali zetu za zamani ni za chini, zina veranda na madirisha mapana. Kweli, na huo ni utajiri tusiopaswa kuubeza: moshi hutoka na kitanda husukumwa hadi uani. Ila tunazojenga sasa ni za maghorofa, zenye dari za kubandika na viyoyozi, na hata zile za zamani tumezitia nondo madirishani na kufuli kwenye milango ya nyuma kwa hofu ya wezi.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la wauguzi wenyewe: mlango ukifungwa, hawamwoni mgonjwa wala kumsikia akiita. Hawakosei, na ndiyo sababu milango mingi ya kuzuia moto hukutwa imewekewa kabari. Lakini kuna sumaku zinazoushika mlango ukiwa wazi, na kengele ikilia huuachia ujifunge. Pasipo na sumaku, kila zamu iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye milango ni jukumu lake.

Sheria hatukosi. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007. Kenya ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini mwaka huo huo. Kinachopungua ni ukaguzi unaopima mambo haya. Mkaguzi na aje saa nane za usiku, aondoe kabari, atazame kama mlango unajifunga wenyewe hadi mwisho, kisha amuulize muuguzi wa zamu ufunguo wa mlango wa nyuma uko kwa nani.