Motokaa Inayolegea Petroli Ikipungua

Watu wengi wanaoendesha motokaa wameona jambo hili. Tangi likijaa, motokaa hupanda kila mlima bila taabu. Mshale wa geji ukikaribia alama ya mwisho, injini huanza kukohoa, motokaa hushtuka-shtuka kwenye mwinuko, na dereva akizidi kukanyaga, nguvu haziongezeki bali hupungua. Akitia petroli, ugonjwa hutoweka. Baada ya siku mbili hurudi tena.

Wenye motokaa za namna hiyo aghalabu hufuata mojawapo ya njia mbili, na zote mbili hazifai. Wengine husema kwamba hiyo ndiyo desturi ya motokaa, wakaendelea na safari zao. Wengine humwendea fundi asiyeuliza maswali, naye hubadili plagi, kisha chujio, kisha pampu, mpaka fedha zimekwisha na ugonjwa ungali pale pale. Lakini motokaa nzima haipaswi kupoteza nguvu kwa sababu petroli imepungua. Injini haijui ni lita ngapi zilizomo katika tangi. Inajua tu zile zinazoifikia. Lita tano za mwisho zikiifikia sawasawa, huipa nguvu zile zile za lita tano za kwanza. Basi ikilegea, ipo sababu, na sababu hiyo yaweza kutafutwa kwa utaratibu.

HATARI YA KUPUUZA

Barabara inayopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru ina mwinuko mkali na malori mengi mazito. Motokaa ikizimika hapo ghafula, lori linalofuata halina nafasi kubwa ya kulikwepa. Tena breki za motokaa nyingi husaidiwa na injini; injini ikizimika, msaada huo hutosha kukanyaga mara chache tu, kisha kanyagio huwa gumu. Usukani nao huwa mzito. Dereva wa gari la abiria anayetia petroli kidogo kidogo, kwa kadiri ya nauli aliyopata, huwaingiza abiria wake katika hatari hiyo kila siku.

JINSI PETROLI INAVYOSAFIRI

Katika motokaa za zamani zenye kabureta, pampu nyingi zilifungwa kwenye injini, nazo zilinyonya petroli kwa bomba refu kutoka nyuma. Katika motokaa nyingi za siku hizi, pampu ni ya umeme, nayo hukaa ndani ya tangi lenyewe, ikisukuma petroli kwenda mbele. Chini yake pana chujio dogo la wavu, na mara nyingi pana kikombe kinachoizunguka ili petroli isiikimbie motokaa inapopanda, inaposhuka au inapokata kona.

Petroli inayoizunguka pampu huipoza. Ndiyo sababu mwenye desturi ya kwenda na tangi karibu tupu huharakisha kuichosha pampu yake.

Watu husema pia kwamba petroli ikiwa kidogo, pampu hunyonya uchafu wa chini ya tangi. Hiyo ni kweli nusu. Pampu hunyonya kutoka chini siku zote, hata tangi likijaa. Tofauti ni kwamba petroli kidogo hutikisika sana barabarani, ikauvuruga uchafu uliotulia. Maji nayo hukaa chini, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita ya petroli kama robo tatu tu za kilo.

MAJARIBIO MANNE

Kabla ya kununua chochote, mwenye motokaa na afanye majaribio manne. Kila moja lifanywe peke yake, penye nafasi ya kusimama nje ya barabara, na mzigo uwe ule ule. Akichanganya mawili pamoja, hatajua ni lipi lililompa jibu.

La kwanza ni kufungua mfuniko wa tangi bila kuongeza petroli. Petroli inapotoka tangini, hewa lazima iingie mahali pake. Njia ya hewa ikiziba, tangi hujinyonya lenyewe na pampu hushindwa. Motokaa ikilegea, dereva azime injini, afungue mfuniko, aufunge, aondoke mara moja. Akisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na motokaa ikapata nguvu papo hapo, ugonjwa ni njia ya hewa. Sauti ndogo peke yake si ugonjwa. Watu wengi hudanganyika hapa: hudhani kwamba petroli waliyoongeza ndiyo iliyoponya, kumbe dawa ilikuwa kule kufungua mfuniko.

La pili ni kupumzika. Siku nyingine motokaa ikilegea, izimwe kwa nusu saa, bila kufungua mfuniko wala kuongeza petroli. Ikiamka na nguvu zake, kisha ikachoka tena, yapasa kushuku pampu iliyochakaa inayoshindwa na joto, au chujio la wavu lililojaa uchafu. Uchafu hushikamana na wavu pampu inaponyonya, na huanguka pampu inaponyamaza.

La tatu ni kuongeza lita kumi na kuupanda mlima ule ule bila kupumzika. Ikiwa mfuniko haukusaidia, lakini petroli imesaidia, ugonjwa upo mahali petroli inapochukuliwa. Huenda bomba la kunyonyea lina ufa. Petroli ikiwa juu ya ufa, hakuna dalili. Ikishuka chini yake, bomba hunyonya hewa. Huenda pia kikombe cha pampu kimevunjika. Dereva na aangalie: je, motokaa hulegea ikipanda, ikishuka, au ikikata kona ya upande mmoja tu? Jibu hilo humwonyesha fundi petroli inakimbilia wapi.

Motokaa nyingine zina tangi lenye umbo la tandiko la punda, pande mbili zilizoungana juu. Pampu hukaa upande mmoja, na kifaa kingine huivuta petroli ya upande wa pili. Kifaa hicho kikishindwa, injini hufa njaa hali geji yaonyesha kwamba petroli ingalipo.

La nne ni kuipima geji yenyewe. Tangi lijazwe, na lita zilizoingia zihesabiwe. Ikiwa kitabu cha motokaa chasema tangi huchukua lita 45, na geji ilionyesha robo, kisha zikaingia lita 44, basi geji ni mwongo na tangi lilikuwa tupu.

Nguvu zikipungua hata tangi likijaa, ugonjwa ni mwingine. Hata mahali penyewe huweza kuwa sababu. Injini isiyo na mtambo wa kusukumiwa hewa hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Hivyo motokaa iliyotoka Mombasa haiwezi kuwa na nguvu zile zile Nairobi. Lakini nguvu hizo hupungua polepole, bila kukohoa wala kushtuka.

KAZI YA FUNDI

Mwenye motokaa akiisha kupata majibu, na amweleze fundi yote. Fundi mwema atapima msukumo wa petroli wakati motokaa imelegea, si asubuhi ikiwa nzima, kisha alinganishe na kipimo cha watengenezaji. Msukumo ukiwa mzuri, hakuna haja ya kununua pampu. Ukiwa hafifu, atafungua tangi atazame chujio, mabomba na kikombe kabla ya kuilaumu pampu.

Kazi ya kufungua tangi haifai kufanywa na mtu asiyeijua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukutane na sigara, jiko au cheche ya umeme. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na kulichomelea kabla halijasafishwa kabisa ni kujitafutia kifo. Tena petroli isinyonywe kwa mdomo, kwa maana ikiingia mapafuni huweza kuua.

Mpaka sababu ijulikane, dereva asiiache petroli ishuke chini ya robo tangi, na asianze kupanda mlima mrefu nayo ikiwa chache. Hiyo si dawa, bali ni kinga ya kungojea dawa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa mdogo wa bomba ni rahisi kuuziba mbele ya karakana kuliko katikati ya mlima, malori yakiwa nyuma.