Kano Alipomwalika Mwalimu wa Karate

Haya, watoto wa Giteranyi, kaeni vizuri. Leo nawapa hadithi ya kweli ya walimu wawili ambao majina yao hutajwa mpaka leo panapovaliwa kimono cha judo au karate.

Mwaka 1882, kijana wa Kijapani aitwaye Jigoro Kano alianzisha judo mjini Tokyo. Chuo chake akakiita Kodokan. Ikapita miaka 40, Kano akawa mzee anayeheshimiwa nchi nzima. Ndipo mwaka 1922 alipowasili Tokyo mwalimu wa shule kutoka visiwa vya Okinawa, Gichin Funakoshi, aonyeshe karate. Siku hizo wakazi wengi wa mji ule walikuwa hawajapata kuiona.

Mnajua judo ilivyo: unashika kimono cha mwenzako, unamyumbisha, unambwaga. Kwenye mashindano yake ngumi ni marufuku. Karate ni ngumi, mateke na kukinga. Kano angeweza kusema, "Hawa wanapiga hewa tu, nikimshika mmoja kwisha habari yake." Hakusema hivyo. Alimwalika Funakoshi Kodokan, akatazama yeye na watu wake mpaka mwisho. Kisha akauliza kujifunza kata zote, yaani mifuatano ya mapigo na kinga iliyopangwa, kunachukua muda gani. Alipojibiwa kuwa ni zaidi ya mwaka, akaomba afundishwe japo chache. Mzee wa miaka zaidi ya 60, mwenye chuo chake, anaomba kufundishwa na mgeni!

Funakoshi naye hakuwa na kiburi. Alibaki Tokyo akifundisha, na kutoka kwa judo akachukua kimono cheupe na utaratibu wa mikanda. Kwa hiyo wewe unayefunga mkanda wa karate halafu unawacheka wanajudo, ujue mkanda huo umetoka kwao.

Kwa nini michezo hii inatofautiana? Kwa sababu kila mmoja unajibu swali lake. Judo inauliza: mtu akikushika, utafanyaje? Karate inauliza: akitaka kukupiga, utafanyaje? Ni kama salamu kwenu ninyi mnaoishi karibu na mpaka wa Tanzania. Mmoja anawaamkia kwa Kirundi, mwingine kwa Kiswahili, na zote ni salamu.

Mtazameni mwanajudo anavyoanguka. Kidevu anakivuta kifuani ili kisogo kisigonge chini. Mgongo anaukunja. Kabla tu mwili haujatua, mkono unapiga mkeka kwa kiganja kilicho wazi, paa! Asiyejua atasema huyu ameshindwa. Anayejua ataona ufundi unaolinda kichwa, ufundi unaomfaa hata anayeteleza kwenye tope wakati wa mvua.

Nendeni pia Lamu, pwani ya Kenya, wakati wa Maulidi. Wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo, wakacheza kirumbizi kwa mdundo wa ngoma. Aliyezoea masumbwi atadhani ni dansi tupu. Akitulia, ataona fimbo inavyoshambulia na kukingwa, na macho ya wachezaji yasivyoachana.

Hata nchi yetu haikuchagua mchezo mmoja. Antoinette Gasongo aliiwakilisha Burundi katika judo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Ornella Havyarimana akaiwakilisha katika masumbwi kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Mmoja alikuwa na kimono, mwingine glavu, na bendera ilikuwa ile ile. Kuuliza nani kati yao ni mpiganaji wa kweli ni kupoteza muda.

Sisemi kila kitu ni sawa. Mwalimu anayeumiza watoto ni mbaya, awe wa mchezo wowote. Lakini hukumu hiyo ije baada ya kutazama na kuelewa. Dakika mbili za video kwenye simu ya kaka hazitoshi kumpima mtu aliyefanya mazoezi miaka mingi.

Basi mkikutana na kijana wa mchezo mwingine, msianze na "wa kwetu ni mkali zaidi." Mwamkieni. Mwombeni awaonyeshe jambo moja, mjaribu kulifanya kwa adabu, kisha nanyi mmwonyeshe lenu. Kano alikuwa bingwa na bado aliuliza. Nanyi ulizeni.