Machozi Jasho na Damu kwa bei ya Ulemo

Kaseti yangu ya Machozi Jasho na Damu niliinunua stendi ya Singida mjini mwaka 2001, kwa shilingi 1,000 zilizokuwa za madaftari. Nilikuwa kidato cha pili. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2000 ulikuwa umepita si muda mrefu, na kijijini tulikuwa bado tunazikumbuka ahadi zilizomwagwa juu ya gari lenye vipaza sauti. Ndipo akaja Professor Jay, kijana aliyetoka kundi la Hard Blasters Crew, mwenye kaseti ile, na wimbo wake wa "Ndiyo Mzee": mgombea yuko jukwaani anaahidi yasiyowezekana, na umati unamwitikia. Mara ya kwanza nyumba nzima tulicheka. Mara ya pili baba aliomba nirudishe mkanda, akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

Miaka mingi kabla, vijana wa London nao walikuwa na muziki wao wa kuwahoji wakubwa, panki. Mwaka 1977 bendi ya The Clash ilitoa albamu yao ya kwanza, iliyorekodiwa kwa wikiendi tatu kwa gharama ya pauni 4,000. Magitaa yalikuwa machache, na hasira ya kukosa kazi ilikuwa nyingi. Panki haikutufikia kwetu Iramba, mkoani Singida. Kilichotufikia ni rapu ya Kiswahili kutoka studio ya Bongo Records ya mtayarishaji P-Funk, na ilitufanyia kazi ileile: ilimwonyesha mtoto wa shule kwamba mkubwa anaweza kuulizwa.

Leo nashona nguo hapa Ulemo, kwa cherehani ya mguu, na albamu ile bado ndiyo inayonipeleka kutwa nzima. Kwa miaka yote hii nimeisikiliza kwa kila njia iliyopita mbele yangu, na karibu kila njia nimeilipia. Nimeona niziweke bei mezani, maana wapo wengi wa rika langu wanaotafuta albamu ya ujana wao na kuishia kutoa hela mara tatu.

Nianze na kaseti yenyewe. Redio kaseti yangu inakula mawe sita makubwa. Mara ya mwisho niliyanunua kwa shilingi 4,500, yakanipeleka jioni kumi, saa mbilimbili. Kwa mwezi hiyo ni 13,500, na mawe yakianza kuchoka sauti inazama, Professor Jay anakuwa mzee kabla ya wakati wake. Ukiichomeka kwenye umeme gharama hiyo inakufa, lakini fundi anabaki: mpira wa kuzungusha mkanda unalegea, hedi inashika uchafu na inataka kupanguswa kwa pamba na spiriti. Mafundi wanaojua kazi hiyo wanazidi kupungua. Kaseti naitunza, ila sitaki kuizungusha kila siku. Kila ikipita kwenye hedi inaacha kitu chake kidogo.

CD nilijaribu pia. Kwa vumbi letu la kiangazi sikuiona kuwa njia, na deki yenyewe ilikufa.

Redio ya matangazo ni bure, na nyimbo kubwa za zamani zinapigwa. Lakini anayechagua ni mtangazaji. Mtu anayeipenda albamu hataki wimbo mmoja wa kumbukumbu siku ya Ijumaa. Anataka na ule wa nne upande wa pili, ambao hakuna kituo kilichowahi kuujali.

Kwa simu hesabu inataka uangalifu zaidi. Tuchukue albamu ya dakika 48, kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde. Dakika moja inakula karibu MB 1, hivyo albamu nzima ni kama MB 46. Mwaka 2021 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliweka bei elekezi ya data kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Kwa kipimo hicho, kuisikiliza mara moja mtandaoni ni kati ya shilingi 93 na 430. Inaonekana ndogo. Isikilize kila siku kwa mwezi: ni MB 1,380, yaani kati ya shilingi 2,800 na 12,900, kutegemea bando unalonunua. Anayejiunga bando la siku kwa shida shida ndiye anayeangukia huku juu. Na hapo nahesabu sauti peke yake. Ukifungua YouTube unalipia na picha ambayo mimi, macho yangu yakiwa kwenye sindano, siitazami.

Kasoro nyingine ya mtandao ni kwamba nilizipata nyimbo vipande vipande, huyu kapandisha wimbo huu, yule ule, baadhi zimekatwa mwanzo. Ninachokisifu ni kimoja: ukimsikiliza msanii kwenye ukurasa wake rasmi, upo uwezekano wa senti kumrudia mwenye kazi. Njia nyingine nitakazozitaja hazina hilo, na mimi jambo hili linanigusa. Professor Jay aliyemwimba mgombea aligombea mwenyewe, akawa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Mwaka 2022 akalazwa Muhimbili, hali yake ikawa mbaya, nchi nzima ikamwombea. Siku zile niliisikiliza albamu yake nikihesabu ni mara ngapi nimeifurahia na ni mara ngapi nimemlipa. Nimemlipa mara moja, mwaka 2001, na hata hiyo ilipita mikononi mwa wasambazaji kwanza. Kwa hiyo siku nikiwa na bando la wiki, natumia sehemu yake kwenye ukurasa wake. Si njia ya kila siku kwa fundi cherehani, lakini naifanya.

Njia wanayotumia wengi hapa ni kibanda cha kuingizia nyimbo. Unapeleka flashi au memori kadi, kijana anakujazia. Kurushiana kwa simu ni bure kabisa. Ila kijana wa kibandani kwetu aliniuliza swali lililonisimamisha: "Shikamoo shangazi, unataka za Professor Jay zote, au zile kali tu?" Nikamwambia nataka albamu. Akanionyesha folda yenye nyimbo za wasanii kumi zimechanganywa, majina yameandikwa nusu. Hakuwa na kosa. Alizaliwa kaseti zikiwa zimeshaondoka madukani.

Basi tukafanya hivi, na hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa yeyote ambaye kaseti yake bado inazunguka. Nilimpelekea redio kaseti na kaseti. Akachomeka waya wa jeki kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, akafungua programu ya Audacity, ambayo haiuzwi, tukairekodi kwa muda wake halisi, upande A kisha upande B, halafu akaukata wimbo mmoja mmoja. Alinitoza shilingi 3,000 kwa kumshikia kompyuta saa nzima. Flashi ya GB 16 niliinunua 10,000, na sabufa ndogo iliyotumika 55,000. Jumla 68,000. Ukiigawa kwa miaka miwili ni kama 2,830 kwa mwezi.

Umeme wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Sabufa ya wati 40 ikilia saa sita kwa siku inakula uniti 7.2 kwa mwezi. Kwa sisi wa matumizi madogo, tusiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100, na ukiweka kodi na tozo inakuwa 122. Hiyo ni kama 880 za Luku. Kwa hiyo albamu, kutwa nzima, kila siku, inanigharimu kama 3,700 kwa mwezi, na baada ya miaka miwili ni Luku tu. Gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini, shilingi 27,000, sikuihesabu, maana umeme ule unachaji simu na kuwasha taa pia.

Mambo mawili yaangalie kabla ya kutoa hela. La kwanza, kadi na flashi feki. Imeandikwa GB 32, simu inaonyesha GB 32, lakini ndani ina nne, na unachoongeza baada ya hapo kinapotea. Ijaribu kwa kuijaza pale pale dukani, na muuzaji asiyekubali mwachie mali yake. Wala huhitaji kubwa: GB 16 inabeba albamu zaidi ya 300 za ukubwa huu.

La pili ni mpangilio. Sabufa nyingi za bei ndogo hazisomi majina ya nyimbo. Zinapiga kwa mfuatano ambao faili ziliingia kwenye flashi. Ukizinakili zote kwa mkupuo, unaweza kukuta wimbo wa saba umetangulia. Mwombe kijana aingize mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza, na asiongeze kitu katikati. Ni dakika tano za ziada, na ndizo zinazotenganisha albamu na lundo la nyimbo.

Mimi nimeongeza gharama moja ambayo simshauri mtu. Nimenunua flashi ya pili, ndogo, 6,000, nikaandika B kwa kalamu. Upande A ukiisha sabufa inarudi mwanzo yenyewe, na wimbo wa kwanza ukisikika tena natoa mguu kwenye cherehani, nanyoosha mgongo, nachomoa hii, nachomeka ile. Kazi hiyo nilikuwa naifanya mwaka 2001, kidole kwenye kitufe, na mdogo wangu amekaa sakafuni akiniambia harakisha.